Meklit na Saa Tisa

Kijiwe cha Zinet kiko Dessie, kwenye kona ambapo barabara ya stendi inateremka na upepo wa mlimani unapanda, na vyote viwili vinakutana kwenye masikio ya watu. Mali yake ni viti sita vifupi vya mbao, jiko la mkaa, jebena moja nyeusi ya kahawa iliyovunjika mdomo ikaungwa kwa bati, na sahani ya bisi ambayo kila mtu anasema yeye hali na kila siku inaisha. Kahawa ni vikombe vitatu: cha kwanza cha kuamkia, cha pili cha kubishania, cha tatu kinaitwa baraka, na anayeondoka kabla ya baraka husemwa mpaka jioni. Ilikuwa wiki ya tatu ya Kwaresima, saa saba mchana, na Wakristo wa kijiweni walikuwa wamefunga, kwa maana kwamba walikwisha kubaliana kahawa si chakula. Fundi wa saa, ambaye meza yake iko palepale ukutani, alikuwa amekaa upande kwenye kiti, mguu mmoja umeshaanza safari. Kanisani anaitwa Getinet, kijiweni anaitwa Dakika. Ilikuwa siku ya nne tangu binti yake Meklit, mwenye miaka saba, atolewe mafindofindo na vinyama vya nyuma ya pua, na siku ya nne mtoto hataki kunywa. Asubuhi ile daktari alisema kwenye simu: ikifika saa nane hajamaliza hata kikombe kimoja, mrudisheni, tutamtundikia dripu. Na Wubit, mkewe, alikuwa amemfukuza nyumbani, maana kila akipita kitandani alimwuliza mtoto, "Inauma? Inauma?" mpaka mtoto akajifunika shuka kichwani.

— Hajanywa? aliuliza Zinet, akimimina kikombe cha kwanza.

— Hajanywa.

— Hata yale maziwa ya ng'ombe wangu? Nimeyaweka nje usiku kucha yapoe, kaka Dakika. Ninyi Kwaresima hamgusi nyama wala maziwa, sisi Waislamu mwezi huu tunayo mpaka ya kugawa.

— Alibana midomo. Hivi. Mama yake akasukuma kijiko, kikagonga meno kama mtu anayebisha hodi.

— Nilisema! Redio alidakia. Huyu anauza betri na redio za mitumba, na yeye mwenyewe hazimiki. — Nilisema tangu siku ya kwanza. Ni baridi! Mtoto katolewa nyama kooni, kidonda kibichi, halafu mnampa maziwa ya kulala nje! Juzi mlimpa aiskrimu. Aiskrimu, Dessie! Mimi kwenye basi mtu akifungua dirisha upana wa kidole nashuka, natembea kwa miguu.

— Daktari mwenyewe ndiye kasema vya baridi. Baridi inatuliza, cha moto kinaweza kuamsha damu.

— Daktari ni wa wapi?

— Kwao Kombolcha.

— Unaona! Kombolcha joto. Mtu wa joto atajuaje baridi? Mpe mchuzi wa moto, wenye siagi, koo lizibuke. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo inaingiaje hapo? aliuliza Zinet.

— Koo ni mvungu wa kichwa, dada. Inaingia sana.

Dakika alitazama saa ya mkononi, akatazama na ile ya mteja iliyokuwa mezani, akazilinganisha kana kwamba moja ingemwonea huruma. Saa saba na dakika kumi na mbili. Tangu siku ya upasuaji hakuwa amemaliza kutengeneza hata saa moja. Anafungua kifuniko, anaona vigurudumu vidogo vinazunguka bila kumsubiri mtu, anafunga.

— Wewe Redio, nyamaza kidogo, watu wenye utaalamu waseme.

Huyo ni Gashe Gia, Gashe kwa heshima ya umri. Aliendesha malori ya chumvi miaka thelathini, na hakuna kitu duniani, kiwe ng'ombe, ndoa au serikali, ambacho hawezi kukieleza kwa injini.

— Mwanangu Dakika, nijibu. Mtoto alikuwa anakoroma?

— Kunishinda mimi, Gashe. Halafu pumzi inakatika. Tunahesabu mimi na mama yake, moja, mbili, tatu, mpaka irudi. Ndiyo maana tukakubali kisu.

— Na sasa?

— Kimya. Kimya mpaka naamka kumwekea kiganja puani.

— Basi. Gari lililozoea kupiga kelele likinyamaza ghafla, shuka uangalie. Mimi nasema fundi kakosea. Pale kooni, katikati, kuna kimio, kile kinyama kinachoning'inia. Kile ndicho valvu. Kikienda, maji yanapanda puani, chakula kinaingia kwenye hewa, mtoto anaogopa kumeza. Wamekata kimio, wameacha mafindofindo!

— Kimio kipo. Nimekiona kwa tochi.

— Kinaning'inia?

— Kinaning'inia.

— Kimeelekea upande gani?

Dakika hakuwa ameangalia upande. Mguu ulioanza safari ukaanza tena.

— Na mtoto anashika wapi akilia? Gashe Gia aliendelea, sasa hana breki.

— Sikio.

— Sikio! Kakatwa koo, anaumwa sikio! Hizo ni waya zimebadilishwa, bwana. Unakanyaga breki, honi inalia.

— Daktari alituonya, Gashe. Alisema sikio litauma, mishipa ni ileile, na halina ugonjwa wowote.

— Kila fundi ukimrudishia gari husema hivyohivyo.

— Na ule weupe kooni? Redio alirudi hewani. — Nimeuona kwa macho yangu. Mweupe pee!

— Kigaga hicho. Kidonda cha kooni kigaga chake kinakuwa cheupe.

— Kigaga cheupe! Mimi nimeanguka mara ngapi katika maisha haya? Umewahi kuniona na kigaga cheupe? Sema ukweli tu, koo limeoza. Mficha uchi hazai.

— Jamani! Zinet alimpiga begani kwa kipepeo cha mkaa. — Mtoto wa mwenzako huyo, unamzikia mdomoni. Kunywa kahawa yako.

Dakika hakukasirika. Hofu ilikuwa imemjaa mpaka hakuna nafasi ya hasira. Alikuwa akimwona Meklit kitandani, midomo imekauka ikapasuka, macho yameingia ndani, na lile jambo ambalo hakumwambia hata Wubit: jana alipombeba, alikuwa mwepesi. Watoto hawapungui hivyo, alijiambia, si kwa siku nne. Lakini mikono yake imezoea kupima vitu vidogo, na haikuwa imekosea.

Zinet aliongeza maji kwenye jebena, akairudisha motoni, na kikombe cha pili kikazunguka. Hapo ndipo Mergeta alipokohoa. Mergeta ni jina la walimu wa kanisa, naye alikaa shule ya kanisa miaka sita kati ya ile ishirini inayotakiwa, akatoka na kilemba, sauti nzito na ujuzi wa kuandika hirizi. Yeye huwa haongei kwenye kikombe cha kwanza. Anasema cha kwanza ni cha wajinga.

— Mmezungumza nyama, alisema. — Sasa tuzungumze roho. Dakika, dawa anameza?

— Anameza. Ile ya maji, ya maumivu, chungu kama shubiri. Anafumba macho, anameza, machozi yanateremka. Habishi.

— Dawa chungu anameza. Maziwa matamu anakataa.

— Ndiyo.

— Na maji?

Dakika alijisogeza mbele.

— Hapo ndipo ninapochanganyikiwa, Mergeta. Asubuhi hataki hata tone. Mchana hataki. Halafu kengele ya kanisa la Mikaeli ikilia, ibada ya mchana ikitoka, anateremka kitandani mwenyewe, hakuna aliyemwita, anachota maji. Mafunda matatu. Analia, anashika sikio, anarudi kulala. Ukimpa maziwa hapohapo, anageukia ukutani. Juzi hivyo. Jana hivyo.

— Kengele hiyo inalia saa ngapi?

— Saa tisa.

Redio mwenyewe alinyamaza. Kijiweni pale hiyo ni habari. Mergeta aliweka kikombe chini taratibu, akakunja kilemba sikioni.

— Kuna kitu kimekaa kwenye koo la mtoto huyu, alisema. — Kinabana. Lakini kinaogopa kengele. Kengele ikilia kinaachia kidogo, mtoto anapata mafunda matatu, kinabana tena.

— Kitu gani? Sauti ya Dakika ilikuwa ndogo.

— Jicho. Siku ya kisu kinywa kilifunguliwa wazi, mtu mwenye jicho baya akachungulia. Nani aliyechungulia?

— Daktari, alisema Zinet, akihesabu kwa vidole. — Manesi wawili. Mama yake, nyumbani. Na wewe Redio, juzi, uliyemnyang'anya mwenzako tochi.

— Mimi? Jicho langu moja lenyewe linaona ukungu tu!

— Ndilo hilohilo, alisema Mergeta.

— Wee! Mwogope Mungu, Mergeta! Miaka sita shule umetoka na kilemba tu, unataka kunivisha uchawi! Tenda wema nenda zako!

— Hiyo nayo inaingiaje? aliuliza Gashe Gia.

— Haiingii! Nimekasirika!

Walicheka, hata Dakika alitikisika mabega kidogo, na kule kucheka kukamwuma, akatazama saa tena. Saa saba na dakika ishirini na saba.

— Lakini subirini, alisema Gashe Gia. — Kama kinaogopa kengele, dawa si ndiyo hiyo? Tukaazime kengele ya Mikaeli, tuifunge dirishani kwa Dakika, ipigwe tangu asubuhi.

— Kengele ya kilo mia mbili? aliuliza Zinet.

— Nina jeki.

— Jeki ya nini, Redio alisema, uso umemng'aa, ameshasahau ugomvi. — Naenda na simu, nairekodi. Spika ninayo. Tunampigia mtoto kengele saa hizi, sasa hivi, dakika tano!

— Kengele ya simu haina upako, alisema Mergeta. — Kitu kile si kijinga. Kitajua ni betri.

— Betri zangu mpya!

Dakika alisimama, akakaa. Ukweli ni kwamba alikuwa karibu kukubali. Alishawaza spika itakaa juu ya kabati, waya utapita wapi. Mtu mwenye akili zake, anayejua gurudumu hili linasukuma lile na lile linasukuma jingine, sasa alikuwa tayari kumpigia mtoto kengele ya kwenye simu ili kumtisha shetani. Alijionea aibu, na bado akauliza:

— Kurekodi kunachukua muda gani?

Kabla Redio hajajibu, mama mmoja alivuka barabara kutoka kwa wazibaji wa matairi, ambako lori la vitunguu lilikuwa limeinuliwa upande mmoja. Mfanyabiashara, mtu wa Woldia kwa lafudhi yake, mnene kiasi, mkono mmoja umeshika mbavu. Aliomba kikombe, akakaa polepole kama anayeketi juu ya mayai.

— Pole, mama, alisema Zinet. — Unaumwa?

— Nimetolewa mawe ya nyongo mwezi uliopita. Naendelea vizuri, ila kukaa na kucheka bado. Msinichekeshe. Nani anapigiwa kengele?

Walimweleza wote kwa pamoja: baridi, valvu, jicho, saa tisa. Yule mama alisikiliza huku akiipuliza kahawa yake. Walipomaliza, aligeuka kumtazama yule aliyekuwa hasemi.

— Mtoto ni wako wewe?

— Wangu.

— Siku ile ya kisu alikula?

— Aka, mama. Hospitali walikataza. Tangu usiku, hata maji asinywe.

— Mimi pia walinikataza. Mtu mzima na nguo zangu, nililia njaa kama kichanga. Wako ana miaka saba. Alinyamazaje?

Kwa mara ya kwanza mchana ule Dakika alitabasamu.

— Alikuwa analilia mkate njia nzima. Mama yake alibaki na mdogo, tulikuwa wawili tu. Nikamdanganya kidogo. Nikamwambia, Meklit, wewe sasa mkubwa, kuanzia leo umefunga kama bibi. Mtu aliyefunga haombiombi wala hasemisemi, ananyamaza anasubiri. Nikamwambia, na mimi nimefunga, tufunge wote, mimi na wewe. Alinyamaza palepale, mama! Akaingia hospitali ameinua shingo, utasema ni malkia.

— Akili nzuri, alisema yule mama. Akanywa funda moja. — Na nani alimwambia afungue?

Redio alimtazama Mergeta. Mergeta, aliyejua kila mfungo wa mwaka na saa yake ya kufungulia, na ya Kwaresima ni saa tisa, alikitazama kikombe chake cha pili, na katikati ya Kwaresima kilikuwa kikavu mpaka chini. Gashe Gia alianza, "Gari likiwa..." akaliacha gari njiani. Zinet alishika jebena hewani, hamimini.

— Nauliza tu, alisema mama wa vitunguu. — Mimi nilifunguliwa na nesi. Alikuja na chai, akasema, fungua.

Dakika alikuwa ameshasimama. Aligonga meza yake, saa ya mteja ikaanguka, hakuiokota.

— Dakika! Redio alipiga kelele nyuma yake. — Baraka bado! Haraka haraka haina baraka!

Ilikuwa methali ya kwanza kumkaa sawa siku ile, na aliyestahili kuisikia alikuwa ameshapinda kona.

Nyumbani, Wubit alikuwa anafunga kifurushi cha hospitali: shuka, kadi, nguo za kubadili. Maziwa ya Zinet yalikuwa kwenye kigoda, kikombe kimefunikwa kwa sahani. Meklit alilala chali, shuka zito la pamba hadi kidevuni, macho kwenye saa ya ukutani. Dakika alipiga magoti kando ya kitanda, akihema. Neno "inauma" lilikuwa limeshafika ulimini, akalimeza.

— Meklit. Umefunga?

Mtoto alitikisa kichwa: ndiyo.

— Amefunga nini? Wubit aliuliza, kifurushi mkononi.

— Tangu lini, mwanangu?

Vidole vinne vilitoka chini ya shuka.

— Nani alikwambia ufunge?

Vidole vitatu vilikunjwa. Kilichobaki kilinyooka, kikamwelekea yeye kifuani.

— Getinet, alisema Wubit. Hilo tu. Jina la kanisani hulitumia mambo yakiharibika, na siku nyingine hufuatiwa na maneno. Safari hii hayakuja.

— Na dawa je? Dakika alimwuliza mtoto. — Mbona dawa unakunywa?

Meklit alijilamba midomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, nyembamba, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu alale kwenye kitanda cha magurudumu cha hospitali.

— Dawa si chakula.

Dakika alihisi uso wake wote unawaka moto. Alichukua kikombe, akakifunua.

— Basi fungua, Meklit. Umefunga vizuri kuliko bibi, kuliko kasisi, kuliko mtaa mzima. Mfungo wako umekwisha. Fungua.

Mtoto alitazama ukutani.

— Saa tisa bado.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na moja. Saa ile Dakika aliitengeneza kwa mkono wake, na kila Jumatatu huilinganisha na ya redio, na katika miaka tisa ya ndoa hakuiacha ikae nyuma hata kidogo; majirani huchungulia dirishani kuuliza saa. Aliinuka, akaitungua, akafungua kioo, akausukuma mshale kwa kidole mbele ya macho ya mtoto, ukazunguka mara moja na zaidi, mpaka saa tisa kamili. Akairudisha kwenye msumari.

— Imefika.

Meklit aliitazama saa, akamtazama baba yake. Mtoto wa fundi saa hadanganywi kwa saa. Lakini alijiinua kwa kiwiko, akapokea kikombe kwa mikono miwili, kama anavyopokea mkate mtakatifu, na akanywa.

Funda la kwanza lilimpandisha mabega mpaka masikioni. Machozi yalitoka bila kilio. La pili alishika sikio. La tatu, la nne, akapumzika, akahema kwa pua, pua ambayo sasa ilikuwa inapitisha hewa bila kelele. Kikombe kilipobaki kitupu Wubit alikijaza kabla mtoto hajabadili nia, halafu akakaa sakafuni na kuanza kukifungua kile kifurushi, fundo moja baada ya jingine.

Cha pili Meklit alikunywa mafunda mawili. Akasita. Akakinyoosha kwa baba yake.

— Na wewe fungua, Baba.

Harufu ya kahawa ya Zinet ilikuwa bado kwenye masharubu yake. Vikombe viwili leo. Jana vitatu. Na siku ile ya kisu, Meklit amelazwa chini ya ile taa kubwa, njaa imemkaa tumboni kwa ahadi ya watu wawili, yeye alikuwa kwenye kibanda cha mlangoni mwa hospitali na chai ya sukari nyingi na mkate mzima. Alimtazama Wubit amsaidie. Wubit alikuwa anakunja shuka, hakuinua macho.

Alipokea kikombe kwa mikono miwili. Maziwa, katikati ya Kwaresima. Alimeza funda moja, likakataa kushuka, akalisukuma.

— Inauma? Meklit akamwuliza.